Mama mmoja au mama thelathini? Njia za kupanda miti yetu ya asili kwenye bustani za Malindi, na ipi ikufae wewe

Kikundi chetu tumepewa kipande cha uwanja hapa Malindi tukaambiwa tupande miti ya asili, ile inayopotea, watu wapate kivuli na watoto waijue miti ya kwao maana wengi wao wanajua mwarobaini na mvinje basi, na yote miwili imeletwa kutoka nje. Tangu habari zitoke kuna vikundi vitatu wameniuliza swali lile lile tulilojiuliza sisi: miche tutoe wapi, na tuipate kwa njia gani, ili bustani isiwe pambo tu bali iwe akiba ya mbegu ambayo miaka 50 ijayo mtu anaweza kuitegemea. Nimechoka kujibu mmoja mmoja kwa simu kwa hivyo naweka yote hapa, njia zote tulizozipima, na mwisho nitasema sisi tumechagua ipi na kwa nini.

Nianze na kosa langu manake ndo lililonifundisha. Miaka sita iliyopita tulipanda mbambakofi 60 kwenye kiwanja cha watu wote, miche mizuri, mirefu, nilinunua mwenyewe kwa mama mmoja mwenye nasari kando ya barabara. Ilishika vizuri sana, tukapiga picha, kila mtu akafurahi. Baada ya miaka miwili nikarudi kwake kutaka mingine nikamuuliza, "Mama, hizi mbegu huwa wazitoa wapi?" Akanijibu, "Hapo tu mwanangu, huo mti nyuma ya duka, kila mwaka huzaa, siendi mbali." Nikautazama ule mti. Mti mmoja. Yani miche yangu yote 60 ilikuwa watoto wa tumbo moja. Yule mama hana kosa lolote, yeye anauza miche na miche yake ni mizima, mimi ndo sikuuliza mapema.

Sasa kuna mtu atasema, shida iko wapi, mbambakofi ni mbambakofi. Hapana. Miti miwili ya aina moja inaweza kufanana kabisa kwa macho lakini ndani mmoja unavumilia ukame, mwingine unavumilia upepo wa chumvi, mwingine mdudu akija anamkataa. Ni kama watoto wa mtaa mmoja, homa ikipita si wote wanaolala kitandani. Huo utofauti wa ndani ndo tunauita utofauti wa jeni na ndo unaofanya msitu usife wote kwa pigo moja. Na watoto wa tumbo moja wakizaana wenyewe kwa wenyewe kizazi baada ya kizazi, mbegu zinapungua nguvu, nyingine hazioti, nyingine zinaota zikadumaa. Kwa hivyo bustani inaweza kuwa na miti mia na bado iwe masikini.

Haya tuzipime njia.

Miche ya kununua

Hii ndo rahisi kuliko zote. Unaenda, unalipa, tuktuk inaleta, masika yakiingia unapanda. Kama lengo lako ni kivuli na kijani, au uwanja uko mbele ya ofisi na unataka uonekane vizuri haraka, sina neno, nunua.

Lakini kama lengo ni kuhifadhi, sikiliza hesabu hii. Wataalamu wa jeni wamepiga wakaona kwamba ukichukua mbegu za mama mmoja, yani mti mmoja uliozaa hizo mbegu, hata kama chavua ilitoka kwa mababa wengi tofauti, na hata upande miche elfu moja, utofauti unaoupata hauzidi ule wa miti minne isiyo na undugu. Minne! Miche yangu 60 ilikuwa na thamani ya miti minne, na kama ule mti nyuma ya duka ulikuwa peke yake na ukajichavusha wenyewe basi hata minne haifiki.

Na haya mambo yameshatokea. Kule Rapa Nui, Kisiwa cha Pasaka, kulikuwa na mti unaitwa toromiro ambao haupatikani kwingine kokote duniani. Ulikatwa ukakatwa ukabaki mmoja ndani ya shimo la volkano la Rano Kau, na huo nao ukakatwa 1960. Bahati nzuri mbegu zilikuwa zimechukuliwa zikapelekwa kwenye bustani za mimea nje, kwa hivyo mti haukupotea duniani, upo, lakini wamejaribu kuurudisha kisiwani mara nyingi na mara nyingi miche imekufa. Sababu ziko kadhaa, udongo umeharibika pia, lakini moja kubwa ni hiyo kwamba ile iliyobaki ni ukoo mwembamba mno. Nikisoma habari ile huwa naiwaza miche yangu 60.

Kama hela yako inatosha njia hii tu, basi fanya hivi: nunua kwa nasari tofauti tofauti, na kwa kila nasari uliza mbegu zimetoka mti gani. Nasari tano zenye mama tano tofauti, miche minane minane, ni bora mara nyingi kuliko miche 40 ya sehemu moja. Swali hilo moja halina gharama yoyote.

Vipandikizi

Kuna waliotuambia tukate matawi tuyaoteshe kama muhogo. Mvule kwa mfano unakubali, na faida yake ni kwamba mti ukiwa mzuri unapata mwingine kama ule ule hasa. Hapo hapo ndo ubaya ulipo. Tunaujua muhogo hapa pwani: pingili za shina moja zimejaa shamba zima, batobato ikiingia haichagui, shamba lote ni mmea mmoja uliokatwa vipande.

Afrika Kusini kuna mmea jamii ya saikadi, ile mimea ya kale inayofanana na mitende, unaitwa Encephalartos woodii. Bwana mmoja, John Medley Wood, aliuona msitu wa Ngoye mwaka 1895, mmea mmoja wenye mashina kadhaa, na ulikuwa dume. Jike halijapatikana mpaka leo. Iliyopo kwenye bustani kubwa za dunia, yote ni machipukizi ya dume lile lile, yamejaa mabara yote na hakuna hata mbegu moja halisi ya aina yake inayoweza kutoka. Mmea upo kila mahali na bado ni mmoja tu.

Kwa hivyo mimi kwa bustani ya umma nasema vipandikizi vitumike pale tu ambapo mti wenyewe umebaki mmoja au miwili na hautoi mbegu nzima, yani uokoaji wa dharura. Zaidi ya hapo sishauri.

Mbegu ulizokusanya mwenyewe kwa mama wengi

Hii ndo ngumu na ndo tuliyoichagua kwa hivyo nitakaa hapa kidogo.

Swali la kwanza la kila mtu: mama wangapi? Wataalamu wa jeni za mimea Marshall na Brown walishafanya hesabu mwaka 1975, wakaonyesha kwamba ukichukua mbegu kwa miti kama 50 hivi iliyochanganyika bila kuchagua, una uhakika wa asilimia 95 wa kupata kila aina ya jeni ambayo si adimu sana, yani zile zinazopatikana kwa zaidi ya asilimia 5. Ushauri unaotolewa kwa watu wa mashambani na kina ICRAF, wale watafiti wa kilimo cha miti wenye makao yao Gigiri Nairobi, ni mama wasiopungua 30, na kati ya mama mmoja na mwingine kuwe na nafasi ya mita 50 mpaka 100 kwa sababu miti iliyosongamana mara nyingi ni ndugu, mbegu zilidondoka chini ya mama yao zikaota hapo hapo.

Ukisikia 30 usivunjike moyo. Mtu akifika 10 ameshatoka mbali sana na mmoja. Faida kubwa iko kule mwanzo, kutoka mama mmoja kwenda watano ni kuruka kukubwa, kutoka 40 kwenda 45 tofauti yake ndogo.

La pili, chukua sawa kwa sawa. Hili watu wengi wanakosea na sisi tulikaribia kukosea. Unapata mama mmoja amezaa debe zima na mwingine ana maganda matatu, ukichanganya zote kwenye gunia moja basi bustani yako itakuwa ya yule mwenye debe. Kila mama mfuko wake, namba yake, na idadi ile ile ya miche. Sisi uwanja wetu unabeba miti mikubwa 40 hivi ikipewa nafasi ya kutanuka, kwa hivyo hesabu yetu ni mche mmoja au miwili kwa kila mama, basi. Iliyobaki tunagawia wengine.

La tatu, usiuvue mti nguo. Mbegu ulizozikuta siku hiyo usichukue zaidi ya moja ya tano, nyingine ni za msitu wenyewe, na za ndege. Mbegu ya mbambakofi ile nyeusi yenye kofia nyekundu hondohondo anaifuata kwa sababu ya ile kofia, na yeye ndo mpandaji wa zamani kuliko kikundi chochote.

Na ruhusa. Arabuko-Sokoke si shamba la mtu, ni msitu wa hifadhi wa kama kilomita za mraba 420, huingii na mfuko ukaanza kuokota, unaenda kwanza kwa watu wa misitu pale Gede unaeleza unataka nini na kwa ajili gani. Kaya nazo, ile misitu mitakatifu ya Mijikenda, zina wenyewe. Baadhi ya kaya hizo ziliingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2008 na nyingine nyingi zinalindwa na wazee wake, na huko unaenda kwa wazee kwanza, unakaa, unasikiliza. Mzee mmoja alitukatalia kabisa kuingia ndani ya kaya, akatuambia, "Wanangu, ya ndani ni ya ndani, lakini hiyo iliyo mpakani imezaliwa na ya ndani, okoteni hapo." Na amesema kweli hata kwa sayansi, miti ya ukingoni inachavushwa na ile ya ndani.

Ubaya wa njia hii ni muda na daftari. Tumetumia mwaka mzima kwa kazi ambayo nasari ingeimaliza kwa asubuhi moja, na lebo zikipotea mchezo umekwisha, huwezi tena kujua mche gani wa mama gani. Sisi tunakata makopo ya soda, tunaandika namba kwa msumari, tunafunga na waya. Za karatasi zilikuwa zinaliwa na mchwa.

Benki ya mbegu

Hapa mbegu inakaushwa, inafungwa, inawekwa baridi kali, inalala. Benki kubwa ya Millennium ya Kew, Uingereza, inaziweka nyuzi 20 chini ya sifuri. Hapa kwetu Kenya, Muguga karibu na Nairobi kuna hifadhi ya taifa ya mbegu, na KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu, nao wana kituo chao cha mbegu za miti huko huko Muguga, mbali na tawi lao la Gede hapa jirani. Kuna kanuni ya zamani ya watu wa mbegu: ukipunguza unyevu wa mbegu kwa asilimia moja umeongeza maisha yake mara mbili, ukipunguza joto kwa nyuzi 5 umeongeza tena mara mbili. Kwa hivyo chumba kidogo kinabeba utofauti ambao bustani zote za pwani haziwezi kuubeba. Kwa nafasi na kwa bei kwa kila mama hakuna njia inayoishinda benki, lazima niseme hivo.

Lakini benki haikubali kila mbegu. Kunde ukiikausha na kuiweka vizuri itaota miaka mingi baadaye. Nazi je? Kokwa la embe je? Ukilikausha limekufa. Miti ya misituni iko hivo hivo, makundi mawili. Mbambakofi uko upande wa kunde, ganda gumu, unavumilia kukaushwa. Mnwamaji uko upande wa nazi, mbegu yake inataka kupandwa ikiwa mbichi. Uchunguzi uliotoka 2018 ulikadiria kwamba karibu theluthi moja ya aina zote za miti duniani iko upande huo wa nazi, na kwa mimea yote iliyo kwenye hatari kubwa kabisa ya kutoweka ni asilimia 36. Yani ile inayohitaji kuokolewa zaidi ndo ile ambayo friza haiwezi kuiokoa. Kwa hiyo miti hakuna jingine, ni bustani hai na msitu.

Na jambo lingine, mbegu iliyolala haijifunzi. Bahari inapanda, joto linapanda, mvua za masika zinachelewa, mti ulioko nje unapambana na haya na watoto wake wanachujwa kila mwaka, ule ulioko Muguga ndani ya baridi uko pale pale ulipoachwa. Halafu hakuna mtoto wa Malindi anayepumzika chini ya kivuli cha pakiti ya mbegu.

Kuacha msituni tu

Kuna wenzetu wanasema msipande chochote, lindeni Arabuko na kaya, inatosha. Nakubaliana nao kwa nusu kubwa. Msitu ndo mama wa yote, una wachavushaji, una ukungu wa mizizi, una kila kitu, na bustani yoyote haifiki robo yake. Mtu akiniambia nichague moja tu, msitu au bustani, nitachagua msitu bila kufikiri.

Lakini uliza mti unaoitwa Karomia gigas. Ulikusanywa hapa hapa Kilifi mwaka 1977, na mti ule wa Kenya haupo tena. Ikadhaniwa umeisha duniani, mpaka ukaonekana Tanzania upande wa Kilwa, miti michache sana. Mwaka 2018 mbegu zake zikapelekwa bustani ya mimea ya Missouri, St. Louis, Marekani, na kule wakahangaika nazo kwelikweli kwa sababu matunda mengi yanaliwa na ukungu, kati ya maelfu ya matunda iliyoota ni michache. Kilichoniuma mimi ni kwamba kama 1977 kungekuwa na bustani moja tu ya umma hapa pwani iliyochukua mbegu zake, leo tungekuwa tunauona Kilifi badala ya kuusoma.

Bustani kubwa moja au ndogo nyingi

Hili ni swali ndani ya swali. Bustani moja kubwa inasimamiwa kirahisi, mlinzi mmoja, mfereji mmoja. Lakini moto mmoja, au mkubwa mmoja kubadilisha mawazo akataka maegesho ya magari, na umepoteza kila kitu. Mimi naegemea ndogo nyingi zenye daftari moja la pamoja. Tuseme shule ina mama namba 1 mpaka 20, uwanja wetu una 11 mpaka 30, hospitali ina 1 mpaka 10 na 21 mpaka 30, basi kila mama anakuwa sehemu mbili. Hakuna bustani hata moja iliyobeba 30 lakini mji mzima umebeba. Bustani kubwa za dunia nazo ndo zinavyofanya siku hizi kwa miti mikubwa, manake hakuna iliyo na nafasi ya kupanda 50 za kila aina peke yake.

Gede pia naihesabu humu ingawa si bustani ya kupandwa. Ule mji wa magofu uliingia urithi wa dunia 2024, na mji ulipohamwa msitu ukarudi wenyewe juu ya kuta, kwa hivyo miti ya pale ni ya asili ya hapa. Ukitaka kumwonyesha mtoto mgurure mkubwa ukoje mpeleke Gede.

Sasa mti kwa mti

Usichague njia kabla hujachagua mti, kila mti na tabia yake.

Mbambakofi, kitaalamu Afzelia quanzensis. Duniani kwa ujumla bado upo mwingi kidogo lakini kwenye misitu yetu umekatwa sana kwa milango na vitanda na majahazi, milango ya Lamu ile ya zamani iko mingi ya mti huu. Kwa bustani ndo mti wa kuanzia. Mbegu kubwa, unaikwaruza ganda upande mmoja, unailoweka usiku mmoja, inaota. Benki inaukubali, bustani inaukubali. Siri moja ambayo nasari nyingi hazijui: mizizi yake inaishi na ukungu fulani wa udongoni, kwa hivyo kila mfuko wa mche tia konzi moja ya udongo uliotoka chini ya mbambakofi mkubwa. Tulijaribu na bila, tofauti unaiona kwa macho.

Mrihi ni vile vile kwa ukungu, tena zaidi. Huu ni wa mchanga mweupe, kama uwanja wako ni udongo mzito au mwamba wa matumbawe mtupu usijisumbue nao.

Muhuhu ndo unaonitia wasiwasi kuliko yote. Ulichongwa vinyago miaka na miaka, ukatengenezewa sakafu na nguzo, uko kwenye orodha ya IUCN, shirika la dunia la kuhifadhi asili, kama mti unaokaribia hatari, na unakua polepole mno, aliyeupanda hataukata yeye. Siku hizi wachongaji wengi wa pwani wamehamia mwarobaini na hilo ni jambo la kuwashukuru. Muhuhu ni kama mpapai, kuna dume na kuna jike, miti mbalimbali. Ukipanda mmoja mbele ya bustani kwa heshima hautazaa milele. Ukipanda mitatu ukaangukia madume matatu ndo hivo hivo, na kwa mche mdogo hakuna wa kukuambia jinsia yake. Kwa hivyo muhuhu hupandi chini ya kumi mahali pamoja, na kumi hiyo iwe ya mama tofauti. Mbegu zake nyingi ni tupu na nzima hazikai, zipande mbichi mbichi na nyingi. Kama uwanja wako ni mdogo uache, mwachie mwenye nafasi.

Mvule nao ni dume na jike, hesabu ni ile ile, ila huu unakua haraka na unataka ardhi yenye maji zaidi.

Mnwamaji nimeshausema, huo wa mbegu mbichi, siku ya kuokota na siku ya kupanda ziwe karibu. Kivuli chake kizito sana, kwa uwanja wa watu kukaa sijaona wa kuushinda.

Kuhusu mwarobaini, watu wananiuliza kama ung'olewe. Ulioko barabarani wenye kivuli uache, watu wanapumzika chini yake na wanatumia dawa yake. Lakini usiupande kwenye bustani ya miti ya asili wala karibu na kaya, mbegu zake zinabebwa na ndege na zinaota mpaka ndani ya msitu zikasonga miche ya kwetu.

Basi uchague ipi

Una mwezi mmoja, hela kidogo na huna watu wa kutembea: nunua, lakini kwa nasari nyingi, uliza mama, na andika. Hata hapo umefanya kitu.

Una mwaka mmoja na vijana wanne wenye miguu: mbegu za mama wengi, anza na mbambakofi na mnwamaji, weka daftari. Kwa kikundi cha kawaida cha mjini hii ndo chaguo langu na nalitetea mbele ya yeyote.

Mti umebaki mmoja au miwili: usiupande wewe kwa kujaribu jaribu, wapigie KEFRI au watu wa makumbusho ya taifa, huo unahitaji mikono ya kitaalamu, vipandikizi na maabara na kila kitu.

Umekusanya mbegu nyingi za aina ya kunde kuliko miche unayoweza kumwagilia: usizitupe na usizipande zote kwa pupa, zipeleke benki zikiwa na namba za mama zao. Mbegu isiyo na namba wala mahali ilikotoka ni nusu mbegu kwao.

Una shamba lenye mti mkubwa wa asili ndani yake: wewe huna haja ya kuchagua njia yoyote, usiukate tu, na ukubali tupitie kuokota.

Kosa langu la miche 60 tumeanza kulirekebisha pia. Hatukung'oa, tumepunguza iliyosongamana tukaacha mizuri 12, na katikati yake masika haya tumetia miche ya mama wengine, kwa hivyo siku itakapoanza kutoa maua chavua itatoka nje ya ukoo. Mpaka leo daftari letu lina mama 11 wa mbambakofi. Wa 12 tumeonyeshwa na fundi mmoja wa milango, uko ndani ya shamba njia ya kwenda Watamu, mkubwa watu wawili hawaukumbatii, maganda bado ya kijani. Mwenye shamba ametuambia yakianza kupasuka atanibipu.